Mashine ya Kuamua Nani Alipanda Pikipiki

Jumamosi, 4 Mei

Nyumba imechafuka, na chanzo ni kopo la biskuti.

Shangazi, dada yake marehemu Baba, huja hapa kila Jumamosi kumwona Mama. Huketi, huletewa chai, husema haina sukari, huongeza sukari, husema imezidi. Ni mawifi tangu kabla sijazaliwa, na walikuwa mashoga kabla ya kuwa mawifi. Leo Mama akataka kumfurahisha. Akaniomba nilishushe lile kopo la juu ya kabati lenye picha za Baba. Baba alikuwa karani kwa ajira tu. Moyo wake wote ulikuwa kwenye kamera.

Ndani: picha za karatasi zilizogandana kama peremende zilizoachwa juani. Slaidi kwenye vifremu vyake vya plastiki. Vipande vya negativu vilivyojikunja kama mkia wa kinyonga. Na negativu moja kubwa, karibu sawa na kiganja changu, kwenye bahasha yake yenyewe.

Mwanamke juu ya pikipiki. Hivyo ndivyo unavyoona ukiielekeza dirishani. Lakini negativu ni negativu — uso mweupe kama unga, gauni jeusi, meno meusi, nywele kama za bikizee. Ingeweza kuwa yeyote. Ingeweza kuwa mimi.

"Huyu mimi," Mama akasema, anatabasamu.

"Wewe?" Shangazi akaichukua mkononi mwake. "Wewe uliyekuwa unaogopa hata baiskeli? Huyu mimi, wifi."

Kuanzia hapo hapakukalika. Nani alikuwa na gauni lile. Nani alimwazima nani gauni lile. Nani hakulirudisha. Mume wangu alitoka chumbani na kitabu chake, akasikiliza kidogo, akarudi chumbani na kitabu chake.

Mwisho Shangazi akasimama, akajifunga mtandio, akachukua mwavuli ingawa jua lilikuwa linapasua mawe. Akasema hatakanyaga tena hapa mpaka picha isafishwe na ukweli ujulikane.

"Aende," Mama akasema.

Kisha akaenda mwenyewe kukiosha kikombe cha Shangazi. Akakirudisha kabatini mahali pake, peke yake. Mimi huwa haniachii kuosha hata kijiko bila kunisimamia.

Nimeahidi nitatafuta skana. Sijui chochote kuhusu skana.


Jumapili, 5 Mei

Nimemwambia Kaka. Yuko mbali, ng'ambo, lakini mdomo wake haujui umbali. Amenitumia ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya mahafali. Kwanza, picha zote za Baba ziingizwe kwenye kompyuta, si ile moja tu, maana karatasi zinaoza. Hapo nakubaliana naye. Pili, nisithubutu kununua skana isiyo na nukta za kutosha.

Nikamuuliza nukta za nini.

Akasema nukta ni nukta, zikiwa nyingi ndiyo picha inakuwa kali.

Nikamuuliza nyingi kiasi gani.

Akasema mtandao kwake unasumbua.

Mume wangu anasema skana za nini, simu inatosha. Mume wangu kazini huuza bima, lakini nyumbani tunamwita Injinia. Jina alijipa mwenyewe siku alipotengeneza feni. Feni sasa inatoa upepo nyuma. Aliibandika negativu kwenye kioo cha dirisha kwa utepe, akapiga picha, akabonyeza kitu cha kugeuza rangi. Ikatoka kweli! Mwanamke, pikipiki, na juu ya paji la uso wa mwanamke suruali mbili za jirani zinaning'inia kwenye kamba.

Mama ametazama kwa makini. Amesema siku hiyo hakuvaa hivyo kichwani.


Jumanne, 7 Mei

Nilikwenda na bahasha kazini. Mimi ni wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na Daktari ana kile kisanduku cha mwanga cha kutazamia eksirei. Nikangoja wagonjwa wapungue, nikaomba niweke kidogo tu.

Daktari hana kidogo tu. Akavaa miwani yake ya kazi, ile yenye lenzi zilizochomoza, akainama.

"Meno ya juu ya mbele yamepandana," akasema. "Na hapa kulia kuna pengo. Huyu alipaswa kuja mapema."

Nikasema ni picha ya miaka mingi, Daktari.

"Ndiyo maana nasema mapema."

Mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti, mdomo wazi umejaa pamba, naye akaomba kuona. Akasema kitu. Daktari akamwelewa, wao wana lugha yao. Anasema pikipiki ya aina ile ilikuwa ngumu kuwasha.

Nikaona nimepata dawa. Meno! Nikampigia Mama: je, ulikuwa na pengo upande wa kulia? Akasema ndiyo, ndiyo, pengo la kulia. Nikampigia Shangazi. Ndiyo, mwanangu, la kulia, waulize wote walionijua. Na meno ya mbele yalipandana? Yalipandana, wakasema wote wawili, kila mmoja kwa simu yake.

Siku hizi wote wana meno ya bandia. Ushahidi umelala kwenye glasi za maji.


Alhamisi, 9 Mei

Nimenunua skana.

Duka la kompyuta lile la ghorofani, juu ya kinyozi. Muuzaji ni kijana mchangamfu. Kila nilichouliza alijibu, "Hii inafanya kila kitu, mama." Inapiga picha za karatasi? Kila kitu. Slaidi? Kila kitu, mama. Negativu? Akasita. Akasema kila kitu.

Nyembamba, nyeupe, nzuri. Nikaiweka juu ya meza ya chakula. Mama akatoka chumbani, akalizunguka sanduku, akavaa miwani, akasoma ubavuni kwa sauti. Uso ukabadilika.

"Kumbe mmeninunulia mashine ya wifi."

Nikasema ya nani?

Akaniwekea kidole pale pale. Kweli limeandikwa, kwa herufi kubwa, WIFI.

Nikamweleza kwamba hilo ni neno la mtandao, maana yake haihitaji waya. Akasema wifi yake pia hahitaji waya, habari zake zinafika mtaa mzima bila waya. Akasema mashine yenye jina la upande mmoja haiwezi kutoa hukumu ya haki. Injinia akachukua utepe mweusi akalifunika lile neno. Ndipo Mama akakubali kuketi.

Picha za karatasi: safi kabisa. Baba na baiskeli yake, Baba na kofia yake, tena kali kuliko zilivyo mkononi. Mama alimgusa Baba kwenye kioo cha kompyuta, akaacha alama ya kidole.

Kisha negativu. Nikailaza juu ya kioo, nikafunika, nikabonyeza. Mwanga ukapita chini. Ikatoka nyeusi. Nikaigeuza. Nyeusi. Nikaongeza nukta zote za Kaka mpaka mashine ikaanza kulia kama mbu. Nyeusi kali sana, nyeusi yenye nukta zote.

Nimesoma baadaye. Karatasi inarudisha mwanga, kwa hiyo mwanga wa chini unaitosha. Negativu inataka mwanga uipenye, kama dirisha. Lazima taa iwe upande wa pili. Hii haina taa kifunikoni. Ni ya watu wa risiti na vyeti.

"Nilisema," Mama akasema. "Inamficha."


Jumamosi, 11 Mei

Shangazi hajaja.

Mama alioga mapema, akavaa lile gauni lake la kutokea, akaketi dirishani. Nikamuuliza anamngoja nani. Anasema anaangalia kama mvua itanyesha. Mbingu nyeupe, hata wingu la dawa hakuna.

Saa ya chai alitengeneza vikombe viwili. Kimoja akanipa mimi. Kilikuwa na sukari ya kuua.


Jumatatu, 13 Mei

Nimeirudisha ile nyeupe. Muuzaji aliuona utepe mweusi, akauliza. Nikasema ni mambo ya familia.

Akanipa nyingine: kisanduku kidogo kama kibaniko cha mkate, chenye kioo chake kidogo mbele. Unaingiza slaidi ubavuni, unabonyeza, unaiona hapo hapo. Hii ni ya filamu hasa, akasema. Nikamwangalia usoni. Akaapa.

Na kweli! Jioni nzima tumekuwa kama watoto. Slaidi moja moja. Rangi ambazo sikujua Baba alikuwa nazo: kiti chekundu, ukuta wa buluu, Mama na Shangazi wameshikana viuno wanacheka hadi macho yamepotea. Mama aliitazama hiyo, akasema "endelea" haraka haraka.

Ikafuata mimi, mchanga, niko uchi kwenye beseni. Nikasema ruka. Inayofuata: mimi, uchi, beseni. Inayofuata. Baba alikuwa amelipenda sana beseni lile. Injinia akaomba zile za beseni atumiwe kwenye simu. Nimekataa. Najua atampelekea Kaka.

Tukafika kwenye ile negativu kubwa. Haiingii. Kijitundu ni cha filamu ya kawaida, nyembamba, na hii ni pana. Tumeijaribu wima, tumeijaribu ubavu. Injinia akaitazama, akaenda jikoni, akarudi na mkasi.

"Tukipunguza tu huku pembeni," akasema. "Hapa ni majani matupu."

Sauti aliyoitoa Mama sijawahi kuisikia. Mbwa wa nyumba ya tatu ameitikia.

Mikasi yote ya nyumba hii sasa iko chini ya mto wa Mama. Ukitaka kukata uzi unabisha hodi.


Jumatano, 15 Mei

Shangazi amepiga simu kazini, ile ya mapokezi, watu wakiwa wamejaa.

"Mashine imesemaje?"

Nikamwambia bado, Shangazi. Tulipata moja inayoona karatasi, sasa tuna moja inayoona vitu vyembamba.

"Mimi sikuwa mwembamba," akasema. "Kwa hiyo imeanza kuonekana ni nani."

 Kisha akapunguza sauti.

"Mama yako anakunywa dawa zake za presha?"

Anakunywa, Shangazi.

"Si kwamba namuulizia. Na goti?"

Nikasema goti linamsumbua kwenye ngazi. Akasema kuna mafuta ya kuchua alikuwa amenunua, chupa mbili, kwa sababu zilikuwa zinauzwa mbili mbili. Hana haja nayo ya pili. Ataitupa. Au nipite niichukue kabla hajaitupa.

Nilipita. Ilikuwa imefungwa vizuri kwenye mfuko, na juu yake kitambaa. Nimemwambia Mama imetoka kliniki. Aliifungua, akainusa, akasema kliniki yetu ya meno ina wifi mwema. Akaipaka.


Ijumaa, 17 Mei

Injinia amejenga skana.

Alichukua boksi la viatu vyangu, akatoboa dirisha juu, akaweka kioo alichokitoa kwenye mlango wa kabati la vyombo, na ndani taa ya mezani. Negativu juu ya kioo, karatasi nyeupe chini yake ya kulainisha mwanga, simu juu yake kwenye mnara wa vitabu. Mwanga unapanda kutoka chini. Nakiri hesabu yake ilikuwa sahihi.

Picha ikatoka. Akageuza rangi. Sote tukainama.

Msichana kama nyota wa muziki. Ngozi laini kama yai lililomenywa, macho makubwa kama visahani, kidevu kimechongoka, midomo imepakwa waridi. Simu ya mume wangu ina mpango wa urembo, unaochora hata pasipo na kitu, na hajui unavyozimwa. Kumbe ndiyo maana kwenye picha ya kitambulisho cha kazi anaonekana kama bi harusi.

Mama aliitazama kwa muda mrefu.

"Ndiye mimi," akasema kwa upole.

Injinia akamtumia Shangazi. Jibu likaja kabla simu haijawekwa mezani: Ndiye mimi.

Wakati huo boksi lilikuwa limeanza kutoa moshi. Taa ilikuwa ya moto sana. Nimeokoa negativu, Injinia ameokoa simu, Mama amemwagia boksi chai. Kiatu kimoja kilikuwa bado kimo ndani.


Jumatatu, 20 Mei

Leo nimechagua kama mtu mzima.

Nimejifunza hivi, kwa gharama ya kiatu. Nukta si kitu kama mashine haina mwanga unaopenya. Mwanga si kitu kama negativu haiingii. Na neno la muuzaji si kitu mpaka ajaribu mbele yako. Hivyo nikaingia dukani na bahasha, nikaiweka juu ya meza yake, nikasema: sitaki kila kitu. Nataka hiki.

Akaanza, "Hii in—"

Nikasema jaribu.

Akashusha lililokuwa juu kabisa ya rafu, lina vumbi. Kubwa kama begi la safari. Skana ya kulaza, yenye taa ndani ya kifuniko, na vishikizo vya plastiki vya kila ukubwa wa filamu, slaidi, na zile pana za kizamani. Hajawahi kuifungua. Tukasoma maelekezo pamoja, yeye akisoma na mimi nikishika negativu kwa ncha za vidole. Tukakosea mara ya kwanza kwa kusahau kuutoa ubao mweupe wa kifunikoni. Ikatoka nyeusi tena, nikahisi presha ya Mama imenihamia. Tukautoa. Mashine ikanguruma. Ukaanza kuonekana mti. Nikabonyeza kusimamisha.

"Mama, mbona?" akauliza. Na yeye sasa alikuwa anataka kujua.

Nikamwambia kuna watu wawili wana haki ya kuona kwanza.

Kile kisanduku kidogo amekipokea kwa badala, nyongeza Kaka atatuma. Kaka amesema, nukta zipo? Nikasema zipo hadi zinamwagika. Injinia, aliyekuja kunipokea dukani, ameibeba begani hadi nyumbani akisema kwa kila tuliyekutana naye kwamba na yeye alikuwa na yake, ila iliungua.

Nimempigia Shangazi. Nimesema mashine ipo. Amesema atatazama nafasi yake.


Jumamosi, 25 Mei

Naandika hapa hapa mezani, kando ya kompyuta, kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Shangazi alifika asubuhi kuliko kawaida yake. Hakusalimia watu, alisalimia mashine. Mama akasema karibu, akiutazama ukuta. Wakaketi kwenye kochi, mto katikati yao kama mpaka wa nchi mbili. Chai ikaja. Shangazi akaionja, hakusema chochote kuhusu sukari. Hapo nikajua ana hofu.

Nikaifuta negativu vumbi kwa brashi laini. Nikaifungia kwenye kishikizo. Nikafunga kifuniko, Injinia akazima taa ya sebuleni bila sababu, akasema ni heshima.

Picha inajijenga polepole kutoka juu, mstari kwa mstari. Mti. Paa. Nywele. Wakasogea mbele wote wawili. Paji la uso. Kisha uso — na uso umegeuka. Amecheka, amegeuza kichwa wakati Baba anabonyeza, na upepo umeuleta mtandio kutoka ubavuni hadi puani. Jicho moja na meno. Basi.

"Aah," wakasema kwa pamoja.

Picha ikaendelea kushuka. Gauni la maua, kila ua linaonekana. Usukani. Na kiunoni mwa msichana, juu ya maua, vidole. Vinne, vizuri, vimetulia kama viko kwao. Mkono wa mtu aliyekaa nyuma. Kwenye negativu pale palikuwa doa tu, nilidhani uchafu. Kisha goti la suruali iliyopigwa pasi, na kiatu cha mwanamume, kinang'aa.

 Injinia akasema, "Marehemu Baba alikuwa nadhifu."

Wakati huo ukamalizika mstari wa mwisho kabisa. Chini, kwenye mchanga mbele ya pikipiki, kuna kivuli cha mpiga picha. Kofia ile ile ya Baba, viwiko vimetanuka, kamera kifuani.

Mama akaketi nyuma.

"Sasa nikiitazama vizuri," akasema, "wifi, ni wewe."

"Mimi?" Shangazi akavua miwani. "Mimi huyu? Hapana, wifi. Ulisema mwenyewe. Gauni lilikuwa lako."

"Ulikuwa umeliazima."

"Nililirudisha."

"Hukulirudisha, ulisema mwenyewe pale kwenye kiti."

"Mume wangu, Mungu amrehemu, hakupata kuvaa kiatu kama hicho maisha yake yote."

"Na wangu ndiye huyo kivuli."

 Wakaangaliana. Mto ule wa katikati ulikuwa umeanguka chini, sikuona saa ngapi.

"Inaweza kukuzwa," Injinia akasema, ameinamia kioo, anajaribu kusaidia. "Kuna pete hapa kwenye kidole. Nukta zipo."

"Zima," Mama akasema.

"Mwanangu, zima," Shangazi akasema.

Wakasimama. Mama alishika bega la Shangazi kwa ajili ya goti lake, Shangazi akamshika kiuno, wakaenda jikoni wakafunga mlango. Mlango ule haujawahi kufungwa, tulidhani umekwama. Nimesikia minong'ono. Nimesikia jina moja, jina la kiume, simjui mwenye nalo. Kisha kicheko cha Mama, kile chembamba ambacho sijakisikia tangu Baba aondoke, na cha Shangazi kikikifuata juu, na mmoja wao akimwambia mwenzake shhh, watasikia.

Sikuzima. Kompyuta inaniuliza kama nataka kuhifadhi. Ndiyo au hapana.

Kaka anapiga simu ya video, hii ni mara ya tatu. Anataka aione kabla hajaenda kazini, na ameshaliambia kundi zima la familia wakae tayari.

Mlango wa jikoni umefunguka kidogo. Kichwa cha Shangazi, na juu yake kichwa cha Mama.

"Hiyo mashine, mwanangu," Mama anauliza, kwa sauti ya adabu kabisa, "mbali na kuonyesha — mkono inaweza kufuta?"

"Na kiatu," Shangazi anasema.

Injinia tayari ameshavuta kiti. Anasema hilo ni jambo dogo sana, na ananyoosha mkono kuchukua kipanya.